Swichi Chini ya Siti

Mwanangu Salma,

Begi lako lipo mlangoni na umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Kwa hiyo sitakuandikia habari za kuanika godoro, wala za kuwahi foleni ya maji, wala za kuchagua rafiki. Hayo unayajua, na usiyoyajua Morogoro itakufundisha. Nimekaa hapa mezani kukuandikia habari za mjomba wako Shabani, kaka yangu, ambaye kesho unakwenda kuishi kwake na kujifunza umeme wa magari kwenye gereji yake.

Kabla ya hilo, niseme la kwangu na wewe, nilitue. Sikuambiwa na wewe kwamba unakwenda. Niliambiwa na mke wa mjomba wako. Alinipigia wiki iliyopita kuuliza kama unakula dagaa, maana anataka kukuandalia. Nikamjibu anakula, tena anapenda, kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu. Nilipokata simu nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, ndizi zikaungua. Kumbe miezi mizima mnaongea, wewe na mjomba wako, na mimi nimelala chumba cha pili. Uliporudi nikakuuliza, ukasema, "Mama, nilijua utakataa."

Hukukosea. Ningekataa. Lakini nilichokisikia siku ile kifuani nilikuwa nimewahi kukisikia mara moja tu maishani, na aliyenifanyia mara ya kwanza ni huyo huyo unayemfuata. Sikukuambia. Tangu mimi na yeye tulipoacha kuongea nimekuwa nikikujibu, "Mimi na mjomba wako tulipishana," halafu natafuta sufuria ya kuosha. Yeye amekueleza ya kwake: kwamba nilipoanza kupata wageni wengi nikajiona nimefika, nikamfukuza. Najua ndivyo alivyokueleza kwa sababu ndivyo alivyowaeleza ndugu wote kule Mabwerebwere.

Sasa sikiliza yangu.

Nilimpenda kaka yangu kupita kiasi. Tulikulia Kilosa, baba yetu akiwa fundi wa njia ya reli, na Shabani alikuwa ndiye mtu mzima wangu wakati baba yuko kazini. Mto ulipojaa maji yakaingia barabarani, alinibeba mgongoni hadi shule, akarudi na maji kiunoni. Alikuwa na mikono ya ajabu. Redio iliyotupwa aliiokota ikaimba. Siku moja, nilipokuwa naumwa surua, alichukua betri ya tochi na kabalbu kadogo akanitengenezea taa ndani ya boksi la viatu, nikalala nayo pembeni. Asubuhi nikataka anionyeshe alivyofanya. Akaifunika kwa kiganja. "Ukijua," akasema, "hutaniita tena." Tulicheka wote wawili. Mimi nilidhani ni utani.

Gari letu la kulala wageni unalifahamu, lakini hukuwahi kujua vizuri lilivyokuja kwetu. Baba yako alikuwa dereva wa kupeleka wageni mbugani. Wazee wawili wa kigeni walikuja nalo wakiwa wamezunguka nchi nyingi, mume akaugua hapa Mikumi, ikabidi warudi kwao kwa ndege. Wakamwuzia baba yako kwa bei ya kuhurumiana. Tukauza shamba letu la mpunga la Chanzuru ili tumalizie ushuru. Ndugu wakatuona wendawazimu, kuuza shamba kwa ajili ya gari lenye kitanda. Lakini unakumbuka siku tulipobonyeza kile kitufe mara ya kwanza. Paa lote likanyanyuka lenyewe taratibu, turubai la pembeni likajikunjua, na juu kukawa na chumba. Ulipanda na kitabu chako ukakataa kushuka kula.

Baba yako alikuwa na mpango wa kulikodisha kwa familia zinazotaka kulala porini bila kulala chini. Alifanya safari chache tu. Ulikuwa darasa la sita alipofariki, kwa hiyo msiba unaukumbuka. Labda hukumwona mjomba wako alivyokuwa. Alilala kwenye veranda yetu mpaka watu wa mwisho walipoondoka. Alikuja na wazo: "Mwajuma, una leseni. Endesha mwenyewe. Mimi nitakuangalizia gari." Wakati huo gereji yake ilikuwa hapa hapa Mikumi. Nisingethubutu bila yeye. Hilo ni kweli na litabaki kweli, na ndilo linaloniudhi, kwamba siwezi kulifuta.

Basi nikaanza. Baada ya muda si mrefu paa likaanza kugoma.

Lilikuwa na tabia ya ajabu. Linagoma siku ambayo nina wageni, wameshafika, wanasubiri, na asubuhi yake kaka amepita kuliangalia gari. Nabonyeza kitufe, kimya. Nampigia kaka. Anakuja na mkoba wake, anatabasamu, anasema, "Tokeni wote ndani ya gari, umeme hautaki watu wengi." Tunatoka. Anafunga mlango. Wageni wanasimama juani, mimi nawapa soda na kuwaomba radhi. Baada ya kitambo kidogo tunaona paa linapanda, na wageni wanapiga makofi. Anashuka akijifuta mikono. Nikimwuliza tatizo lilikuwa nini ananiambia, "Gari la kizungu hili, lina mambo yake." Nami nampikia pilau. Nilimwambia kila mtu sokoni kwamba bila kaka yangu mimi si lolote.

Kulikuwa na kitu kingine. Kabatini, nyuma ya jiko la gesi, kuna vibanio viwili vya chuma, na katikati yake hakuna kitu. Yule mzee mgeni alikuwa amemwonyesha baba yako mkono wa kuzungushia paa umeme ukifa. Nilipoutafuta sikuuona. Nikamwuliza Shabani. Akasema, "Ulipotea, nadhani baba Salma aliuacha mahali." Nikaamini. Marehemu hana wa kumtetea, na mimi sikumtetea.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, wewe ukiwa bwenini, kidato cha pili. Nilikuwa na wageni kutoka Dodoma, mume na mke na binti yao mdogo anaitwa Glory. Watu wazuri. Mama Glory alikuwa akichambua mchele nami kana kwamba tumelelewa pamoja. Tulilala kwenye ile kambi yetu nje ya barabara ya Kilosa, kwenye miti. Paa lilipanda bila shida jioni ile, na kesho yake wakapanga kukaa tena. Mvua ilianza asubuhi ikaendelea. Mchana baba Glory akaingiza vitu ndani visilowe, viatu vya mvua, boksi la vinywaji, kila kitu akakisukuma chini ya siti ya mbele.

Alasiri Glory akaanza kukohoa. Mama yake akatoa dawa ya kupuliza ya pumu, akaitikisa, akapuliza. Ikatoka hewa tu. Akatafuta nyingine kwenye mkoba, akamwangalia mumewe, mumewe akamwangalia yeye. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye amebeba ile mpya.

Nikasema hakuna neno, hospitali Mikumi si mbali, tufunge tuondoke. Nikabonyeza kitufe cha kushusha. Kimya. Nikaangalia hendibreki, maana bila hiyo paa halisogei, ipo juu. Nikafungua mlango nikaufunga tena. Nikabonyeza. Kimya.

Nilimpigia kaka yangu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

"Shikamoo kaka. Paa limegoma kushuka."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kambini, barabara ya Kilosa. Nina mtoto hapa amebanwa na pumu, dawa imewaishia. Nifanye nini?"

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata.

"Kaka?"

"Usiguse kitu. Niko Magole, nina trekta la watu nalimalizia. Nakuja."

"Hatuwezi kusubiri utoke Magole! Nieleze tu. Nitafanya mwenyewe."

"Umeme wa lile gari huujui, Mwajuma. Utaliunguza. Usiguse kitu."

Salma, nikasogeza simu kwenye mdomo wa yule mtoto. Alikuwa amekaa mapajani kwa mama yake, mabega yanapanda na kushuka, na kila pumzi ilikuwa inapiga mluzi. Nikaishika pale mpaka nikawa na hakika. Kisha nikairudisha sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema. "Nakuja."

Baba Glory akakimbia barabarani kutafuta chombo chochote. Dereva wa teksi aliyempigia Mikumi alimwambia tope lile hawezi. Mimi nikasema potelea mbali, naendesha hivi hivi, paa likiwa juu. Nikawasha. Hatukufika hata barabarani. Tawi la mti likashika turubai, likalichana, paa zima likalalia upande mmoja na chuma kikalia juu ya vichwa vyetu. Mama Glory akapiga kelele. Nikasimama. Ningesonga mbele tena, lingemwangukia mtu.

Hapo ndipo nilipofanya nilichokatazwa.

Sikujua umeme. Nilichokijua ni sauti. Paa likiwa zima, ukibonyeza kitufe unasikia kwanza kitu kinasema "tak" ndani ya kabati, halafu mota inaunguruma. Nikamwomba mama Glory abonyeze, nikaweka sikio kabatini. Tak. Ilikuwepo. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama nje na trei ya soda, sijawahi kusikiliza kwa karibu. Nikawaza: taa za ndani zinawaka, basi betri inayo nguvu. Tak inasikika, basi kitufe kinafanya kazi. Kilichokufa kipo mbele ya tak.

Nikafungua ubao wa kabati kwa kisu cha jikoni. Baba yako alikuwa na taa ya kupimia, kabalbu kenye nyaya mbili, alikatumia kwa taa za nyuma. Ncha moja nikaigusisha kwenye waya wa mota, ya pili kwenye chuma cha gari, huku mama Glory anabonyeza. Ikawaka. Umeme ulikuwa unafika kwenye mota, lakini mota haizunguki. Nikakumbuka kitu kimoja tu nilichowahi kumsikia Shabani akimfokea kijana wake gereji: umeme ukienda lazima uwe na njia ya kurudi. Nikatafuta njia ya kurudi. Pembeni kulikuwa na bolti kubwa kwenye bodi ya gari, imesuguliwa inang'aa, na haikuwa na waya wowote. Waya mnene mweusi uliotakiwa kufungwa pale ulikuwa umekatwa na kuungwa na waya wa bluu, na ule wa bluu uliingia chini ya kapeti.

Nikang'oa kapeti. Nilikuwa natambaa, Salma, mvua inaniingilia mgongoni kupitia turubai lililochanika, nafuata waya kwa vidole. Ulikuwa umeungwa tena mahali, na kiungo kimefungwa tepu nyeusi. Ncha ya ile tepu ilikuwa imekunjwa kidogo, kama sikio, ili siku ukitaka kuibandua usihangaike na kucha.

Ni mtu mmoja tu ninayemfahamu anayekunja tepu hivyo.

Waya uliishia chini ya siti ya mbele, nyuma kabisa, mahali ambapo huoni ila uingize mkono. Nikavuta viatu vya mvua vya baba Glory, nikavuta boksi. Kulikuwa na swichi nene imefungwa kwa skrubu mbili, safi, kazi ya fundi. Lile boksi liliposukumwa ndani lilikuwa limeigonga ikajizima. Nikaiwasha. Nikamwambia mama Glory abonyeze. Paa likashuka, limepinda, linalia, lakini likashuka.

Angesema neno moja. Angesema, "Chini ya siti, Mwajuma." Alikuwa anajua tangu nilipotamka kwamba limegoma. Ile ndiyo sababu alinyamaza.

Tulimkuta baba Glory njiani amelowa, akapanda gari likiwa linatembea. Sikumbuki niliendeshaje. Hospitali walimpokea mtoto, wakamwekea hewa, na giza lilipoingia alikuwa amelala anapumua kama watoto wengine. Mama yake akanishika mikono yangu yenye tope akaniambia, "Dada, Mungu na wewe." Nilitamani ardhi inimeze. Ulikuwa waya wa nyumbani kwetu.

Jioni ile Shabani alipiga simu, sikupokea. Kesho yake asubuhi nilichukua plaizi, nikaikata ile swichi, nikautoa waya wote wa bluu, nikaufunga mweusi kwenye bolti yake. Nikabonyeza. Paa likapanda likiwa limepinda vile vile. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya umeme, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Kisha akaja. Mkoba begani, anatabasamu.

"Linasumbua tena hili?"

"Linasumbua," nikamwambia.

"Haya, toka nikuangalizie."

"Leo nitakaa."

Akacheka kidogo. "Umeme hautaki—"

"Nitakaa, kaka."

Akaingia. Akafungua kabati, akagusa hiki na kile, akanipa mgongo. Akachukua muda. Halafu akapiga goti karibu na siti ya mbele kama mtu anayetafuta bisibisi iliyomwanguka, akaingiza mkono. Niliuangalia ule mkono. Ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda tena. Ukapapasa mahali pale pale zaidi ya mara moja. Kisha ukatulia.

"Unatafuta nini, kaka?"

Hakuutoa mkono. Nikaona shingo yake imeota jasho. Mkoba wake ulikuwa wazi pembeni yangu, na ndani, umeviringishwa kitambaa cha kufutia grisi, niliona mkono wa kuzungushia paa. Nikauchukua nikauweka mapajani. Kitambaa kilikuwa kimechakaa. Alikuwa akiubeba huku na huko siku zote hizo.

"Mwajuma," akasema, bado amepiga goti. "Usinielewe vibaya."

"Nieleweshe basi."

"Ulianza kuendesha mwenyewe. Ukaanza kupokea simu za wageni mwenyewe. Mume alipokufa ulikuwa unaniita kwa kila kitu, hata bomba likivuja. Halafu ukaacha kuniita. Nikaona siku inakuja utanipita njiani na gari lako unanipungia mkono kama wateja wengine."

"Kwa hiyo ukaniwekea swichi."

"Ilikuwa ya kuja kukuona tu. Nije, nile kwako, mambo yaende. Nilimwumiza nani?"

"Mtoto alikuwa hapumui. Nilikwambia."

"Sikujua ni kiasi hicho."

"Nilikuwekea simu mdomoni kwake."

Hapo akainuka. Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akasema lingine. "Ningekwambia iko pale, ungejua niliiweka."

Hilo ndilo jibu lake, Salma. Nimelizungusha kichwani mara nyingi kutafuta kama lina upande mwingine. Halina. Alipima pumzi za yule mtoto na aibu yake, akachagua. Nikamwambia ashuke kwenye gari langu. Akashuka. Baada ya wiki chache akahamishia gereji Morogoro.

Bibi yako alikuwa hai bado. Aliniuliza tumegombania nini, nikasema mambo ya kazi. Alikuwa mgonjwa, na Shabani ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Alikufa akiniomba nimsamehe kaka yangu kwa kitu asichokijua, nami nikaitikia. Sijui kama nilimlinda yeye, au niliona haya kusema kwamba mtu aliyenibeba mgongoni alinifanya mjinga kwa miaka, na mimi nikimpikia pilau.

Maana kinachouma si ile swichi. Kinachouma ni shukrani. Kila asante niliyompa aliipokea akijua. Na sasa siwezi tena kuyakumbuka mambo mazuri bila kuyachungulia. Namkumbuka amelala kwenye veranda wakati wa msiba wa baba yako, najiuliza alikuwa analia kweli, au alikuwa ameona nafasi imepatikana. Labda alilia kweli. Nadhani alilia kweli. Lakini amenifanya niulize, na swali hilo haliondoki.

Sikuandikii haya ili usiende. Hakuna fundi wa umeme ninayemjua anayemfikia. Atakufundisha vizuri, atakulisha, atakulinda kama mwanawe, na hataruhusu mtu akutazame vibaya. Si mwizi na si mlevi. Jifunze kila kitu anachokijua. Ila siku akikwambia utoke nje ili afanye jambo peke yake, usitoke. Mwambie, "Mjomba, nataka kuona." Akikasirika, akasirike. Mimi nilitoka kila mara, kwa heshima, na kwa uvivu pia, maana ilikuwa raha kuwa na mtu anayejua kwa niaba yangu. Na wewe ukishakuwa fundi, mteja akitaka kusimama karibu akuangalie, mwache asimame.

Na hili la kunificha. Nimekasirika, na kesho nitakuwa bado nimekasirika. Lakini nimekaa nikafikiri umejifunzia wapi kunyamaza ili mambo yasiharibike, sikuona mwalimu mwingine ila mimi.

Kuna jambo la mwisho, limetokea leo hii. Ulipokwenda kwa kina Zuhura kuaga, simu iliita. Sikuwa nimeifuta namba yake.

"Mwajuma."

"Shikamoo kaka." Mdomo uliitoa wenyewe.

"Marahaba. Mtoto anakuja kesho."

"Anakuja."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Nikamsikia anasogea mahali, akafunga mlango. "Naomba usimwambie. Wanangu wote wameikimbia kazi hii. Yeye ndiye pekee anayeniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia wewe. Nakuomba, mdogo wangu. Sitarudia."

Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua:

"Yule mtoto. Alipona?"

Miaka yote hii, Salma. Alikuwa hajui. Hakuwahi kuuliza kwa mtu, aliogopa jibu. Alikuwa akiamka kila siku, anafungua gereji, anaunga nyaya za watu, na hajui.

"Alipona," nikamwambia.

Akavuta pumzi, nikaisikia ikimkatikia katikati. Sikumfariji. Nilitaka, na sikuweza. Akasema tena, "Usimwambie." Nikamjibu nitafikiria.

Nimefikiria. Hili ulilolishika ndilo jibu langu kwake, na najua atasema nimemsaliti. Huenda ni kweli. Lakini sikuweza kukuacha ukae meza moja na mtu, umpende, halafu siku moja uingize mkono mahali ukute mwenyewe.

Nitakupa barua hii asubuhi, kabla ya stendi na kabla ya basi. Nilifikiri kuichomeka kwenye begi uisome ukishafika, nikaona huko ni kukuambia wakati umeshachelewa kuamua. Isome ukiwa umekaa. Nitakuwa jikoni nachemsha chai, sitakuja kukuharakisha. Ukitoka na begi, nitalibeba upande mmoja hadi stendi. Ukitoka bila begi, nitamimina vikombe viwili. Na ukitaka kumpigia mjomba wako umwulize mwenyewe kabla hujaamua, mpigie mbele yangu. Sitatoka nje.

Mama yako,
Mwajuma